Mstari Ulionibebea

Mbarara, Jumapili, tarehe 8 mwezi wa pili

Faraja, ndugu yangu,

Leo ni miezi minne tangu nitoke kambini Nakivale, na mwezi ujao utatimia mwaka tangu tukuzike. Nimekaa juu ya matofali hapa Kamukuzi, kwenye ghorofa tunayojenga. Saruji imenipasua vidole, kwa hiyo uuvumilie mwandiko wangu. Unajua shule niliiachia darasa la sita.

Albamu yetu imetoka. Nyimbo tano, dakika kumi na saba. Espoir, mwenzetu wa bendi, ndiye aliyeiweka kwenye mtandao, na jina la bendi liko pale juu, TURUBAI, kwa herufi ulizochora kwa mkaa. Redio moja ya hapa mjini imepiga wimbo wa pili. Mtangazaji alisema sisi ni vijana wenye kesho. Niliposikia hivyo niliweka karai chini, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Juzi Mnyankole mmoja tunayechanganya naye zege aliucheza kwenye simu yake. Akaniuliza, "Eh, wewe Mukongo, huyu mutu analia ama anaimba?" Nikamwambia vyote viwili. Akapiga kelele kwa wenzake, "Hawa Bakongo, hata kulia banaweka gitaa!" Wote wakacheka. Lakini aliurudia. Mara ya tatu hakucheka tena.

Ningekuwa na wewe tungecheka naye. Kama tulivyomcheka yule fundi wa studio, kwenye kile chumba cha trei za mayai ukutani, alipozima mitambo yake na kusema, "Vijana, gitaa yenu iko na shida. Spika imekufa." Ukamwambia, "Hapana bosi, iko hai sana. Ni vile tunataka." Ile ilikuwa spika ya kwaya waliyoitupa, panya walikuwa wameitoboa. Wewe ndiye uliyeiokota na kusema inanguruma kama tumbo letu. Nilipiga ngoma siku ile mpaka fimbo moja ikavunjika, na hatukurudia, maana umeme ungeweza kwenda.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike.

Unakumbuka siku rais wa kwaya yetu ya kanisani alipotuita sisi wawili. Wimbo wa nne ulikuwa umeshazunguka kwenye simu za watu kambini. Akausoma ule mstari, polepole, kama mtu anayesoma barua ya polisi: "Mungu alihama, hakuacha namba." Akauliza, "Ni nani aliandika hii?"

Niliuandika mimi. Wewe ulijua. Niliuandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, wiki ile mdogo wangu alipofariki. Nikatazama viatu vyangu. Harusi yangu na Neema ilikuwa imebakiza Jumapili tatu, na mtu aliyewekwa pembeni kanisa halimfungishi ndoa. Wewe ukasema, "Ni mimi."

Tulipotoka nje ukanipiga begani. "Enda uoe, bwana. Mimi sina hata wa kuniacha." Nikacheka. Faraja, mimi nilicheka.

Wakakuweka pembeni. Usiimbe, usishike gitaa la kanisa, usile Meza ya Bwana, mpaka utubu mbele ya watu wote. Ukakataa kutubia maneno ambayo si yako, na hukusema ni ya nani. Kwenye harusi yangu kwaya iliimba nyimbo saba, na wewe, uliyewafundisha sauti ya tatu, ulikaa benchi la nyuma, mikono juu ya magoti. Wiki ya pili malaria ikakupanda kichwani. Siku nne tu.

Na mtu akifa bado yuko pembeni, kwaya haimwimbii. Tulikufukia kwa sauti ya majembe. Mama yako alikuwa anageuka kila mara kutazama njia, kama vile wanakwaya walikuwa wamechelewa tu.

Nilisema nakuja Mbarara kutafuta kazi. Ni kweli, kazi nimepata. Lakini nilikuwa pia nakimbia, nisipite mbele ya mlango wa mama yako.

Espoir alimpelekea albamu. Anasema alisikiliza yote mpaka mwisho, kisha akaomba, "Rudisha fasi ile, pale anavuta pumzi, mbele ya kuimba." Wakairudisha mara nyingi sana. Halafu akasema anataka jambo moja tu: siku ya kumaliza matanga, kwaya ije ikuimbie. Akaenda mwenyewe kwa rais wa kwaya. Akajibiwa, "Mama, tunakuhurumia, lakini mtoto wako hakurudishwa."

Nilimpigia Neema, nikamwambia yote. Hakuwa anajua. Nikamwambia nikisema, watanifungia mimi, na mtoto wetu akizaliwa hatabarikiwa. Akasema, "Basi atangoja. Yule mama amengoja mwaka."

Siwezi kukurudisha. Ila naweza kusimama. Matanga yako yanamalizwa Jumapili ijayo mchana. Asubuhi ile, ibadani, kabla ya mahubiri, nitasimama mbele ya mama yako na kwaya yote, niseme mstari ule ni wangu, na kwamba ulikufa bila kosa. Wakiimba, nitakaa nje nisikilize. Wasipoimba, Espoir na mimi tutakuja kaburini na spika yako, mama akiruhusu.

Nakuahidi sitatazama viatu.

Lala vizuri, ndugu yangu. Ijumaa tunamwaga zege la mwisho la ghorofa hii. Jumamosi napanda gari la asubuhi linalopita Isingiro, na ikifika saa nane mchana nitakuwa mlangoni kwa mama yako, kabla hata ya kufika kwangu.

Wako,
Byamungu