Kikopo Chenye Jina Lako

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini wewe ni mama mkwe wangu na sijazoea kuanza kuongea nawe bila hiyo.

Nimetoka kliniki sasa hivi. Nina mimba tena, ya miezi saba, na leo walinipa kikopo cha mkojo. Nilicheka peke yangu chooni, halafu nikalia. Ni wewe uliyenijia.

Unakumbuka siku ile hapa Nyamuswa? Ulikwenda kupima presha, nami nikakusindikiza na tumbo langu la kwanza. Walipotaka na mkojo, ukanuna. Jirani yetu alikuwa amepimwa mkojo, akaambiwa figo zake hazifanyi kazi vizuri, akakatazwa chumvi, na wewe dagaa wasio na chumvi uliwaita chakula cha kuku. Ukanivuta nyuma ya choo. "Binti, nijazie wewe. Mkojo wangu haujagi ukiitwa." Mke wa mwanao ningekataaje? Nikajaza, ukakipeleka dirishani kwa madaha, jina lako limeandikwa ubavuni.

Nesi akachovya kile kijiti cha kupimia. Sehemu ya njano ikageuka kijani. "Mama, mkojo wako una protini nyingi," akasema, na akaeleza kwamba figo ni chujio, kama la chai. Chujio zima halipitishi majani. Protini ikionekana kwenye mkojo, ujue kuna kitu kimeharibika.

Ulikuwa mkojo wangu. Nilikuwa nimevimba uso na miguu, na wewe ulikuwa ukiwaambia wenzako kwamba ndoa imenikubali, ona nilivyonawiri. Kichwa kilikuwa kikiniuma tangu juzi yake, nikanyamaza nisije nikaitwa mvivu wakati wa kuchuma pamba.

Ungeweza kupokea ushauri wa nesi tukaondoka zetu. Foleni nzima ilikuwa imetega masikio, na wewe aibu uliiogopa kuliko nyoka. Nilikuona ukiitazama miguu yangu. Kisha ukapaza sauti ileile ya kuitia ng'ombe: "Nesi, huo mkojo si wangu. Nimekudanganya. Ni wa huyu. Mpime huyu!"

Watu waliangua kicheko. Nesi hakucheka, na aliponipima presha ndipo alipoanza kukimbia. Nililazwa hospitali ya Bunda siku hiyohiyo. Walisema kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Mtoto akatolewa kwa upasuaji kabla ya wakati wake, mdogo mno, ukamfunga kifuani kwa kanga yako ukakataa kumpa mtu. Mkojo wako halisi ulipopimwa, ulikuwa safi kabisa. "Kumbe nilikuwa nakimbia kivuli changu," ulisema, na dagaa wako ukaendelea kuwatia chumvi mpaka ugonjwa wa kifua ulipokuchukua.

Nimewaza sana jambo lile. Jina lilidanganya, mkojo ukasema kweli. Lakini kweli yenyewe ingepotea kama ungeona haya.

Tangu uondoke, kigoda chako wamekirithi kuku. Mjukuu wako anakimbia sasa, na akikosewa ananuna kama wewe. Mwanao Magesa haongei sana. Kinachonisumbua zaidi ni jioni, maana hakuna anayeniambia ninyooshe mguu. Wewe ulijifunza kule Bunda: unabonyeza mguu kwa kidole gumba, unaachia, unatazama kama shimo linabaki. Hata baada ya kujifungua uliendelea kunibonyeza mpaka nikawa nakuficha miguu. Jana nilijibonyeza mwenyewe. Shimo lilibaki.

Wifi alisema nisubiri, uvimbe ni kawaida ya wajawazito. Nilitamani kumwamini. Asubuhi nikaenda hata hivyo. Kijiti kimegeuka kijani kidogo, presha imepanda kidogo, na wametaka niende Bunda leo leo. Magesa amekwenda kutafuta gari. Naogopa, Mama. Wewe ndiye ungekuwa umeshafunga mizigo na kumgombeza kila mtu.

Nasikia muungurumo barabarani. Pumzika, mama yangu. Kichwa kikiniuma nitasema, hata kama foleni nzima inasikiliza, hilo nakuahidi. Na kikopo cha leo nilijaza mwenyewe, nikahakikisha wameandika jina langu.

Mkweo.