Kifungo cha Juu cha Kanzu

Kwa dada yangu Mwana Esha, hapo Koyama.

Mimi ndugu yako Shee Lali nina miaka sabini na saba. Vita vimenipita, njaa ya kambi ya wakimbizi imenipita, jahazi limezama nami nikatoka nikiwa na kofia yangu kichwani. Serikali zimekuja zikaondoka, mimi nipo. Yupo na tabibu mmoja aliyesema sitaiona Ramadhani. Ramadhani imekuja imekwenda, mimi nipo. Basi usinililie.

Salamu aleikum. Goti lako lina hali gani? Na paa, limeezekwa upya au mwangoja livuje kwanza?

Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi nilizojifunzia kambini uzeeni, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema "dada" tu, wewe washaanza kulia. Karatasi haikatizwi maneno. Atakayekusomea asome yote, asiruke mahali nilipojisifu, maana ni kweli tupu.

Mwanangu Athmani, huyo aliyeko Mombasa, amekwambia Wazungu wananijaribia dawa kama panya. Nawe ukaniletea ujumbe wa sauti: "Shee, rudi ufie kwenu, usife kama mnyama." Sauti hiyo nimeisikiliza mpaka binti yangu Mariamu, ninayekaa naye huku Uzunguni, akanificha simu. Sasa nisikilize mimi.

Lile tezi la shingoni wewe walijua, lilianza kama punje ya kunde. Mwaka jana likawa limau. Idi ilipofika nikavaa kanzu uliyonishonea, kifungo cha juu kikakataa kufunga, nikaenda kuswali shingo wazi kama mchu mvuvi aliyeitwa kutoka kuvuta wavu wa jarife. Saratani ya matezi, ndivyo wanavyoiita. Dawa ya kwanza ililipunguza, kisha dawa ikachoka, tezi likarudi na hasira. Ndipo daktari, mwanamke mrefu mwenye sauti ya pole, akaniita. Mkalimani alikuwa kwenye simu, Msomali mwenye Kiswahili kidogo, akanifasiria hivi: "Mzee, wanataka kukutia kwenye mtihani."

Dada, wewe wajua mimi na mtihani. Mwalimu wa chuo cha Kurani alishindwa nami akasema nikachonge mbao, nami nikawachongea mashua Koyama nzima mpaka kisiwa cha Ngumi. Nikaona hapa nitapewa karatasi, nitashindwa, na nikishindwa nitafukuzwa hospitali. Hilo sikulisema. Nilisema, "Mwambie mtihani wangu nimepewa na Mungu, nao ni huu ugonjwa. Yeye nani anipe wa pili?" Daktari akasema sawa, mwili ni wangu, hanilazimishi. Nikatoka kifua mbele. Nyumbani chakula hakikupita.

Kwenye viti vya kungojea kuna kijana wa Kismayu, jina lake Liban, dereva wa teksi. Ugonjwa wetu mmoja. Naye aliitiwa jambo lilo hilo akakataa, nami nikampa mkono. Akasema, "Mimi nina sababu, adeer." Ndivyo anavyoniita, ami yake. "Sijaoa bado. Dawa isiyojulikana ikinifanya nisizae? Lakini wewe wakataa nini? Umeshakula dunia, huna cha kupoteza."

Huna cha kupoteza! Nikamwambia, "Kijana, mchu akila sinia la pilau likabaki tonge moja, jaribu kumnyang'anya tonge hilo uone."

Akacheka mpaka muuguzi akageuka. Kisha akasema, "Na kwa shingo hiyo, adeer, tonge litapita wapi?"

Kanishinda mtoto. Mimi, Shee Lali.

Nikarudi kwa Mariamu nikiwa na hasira zangu. Akauliza, "Baba, mtihani gani? Umeulizwa nini?" Nikafoka, "Nitaandika nini, mimi nisiyejua Kizungu!" Akanitazama, akaketi chini mkekani.

"Baba, ukishusha chombo kipya majini, wajaribu chombo au wajaribu bahari?"

"Bahari haijaribiwi, mtoto wewe. Chombo."

"Basi dawa ndiyo chombo. Wewe ndiwe bahari."

Dada, tangu mama anizae hakuna aliyenisema vizuri namna hiyo.

Tukarudi kwa daktari, Mariamu akifasiri. Safari hii niliuliza mimi, akajibu yeye. Dawa hii wapo waliopewa? Wapo, si wengi. Yaweza kunidhuru? Yaweza, ndiyo maana watanitazama damu kila nikija. Yaweza isifae? Yaweza. Na nikichoka nayo? Nitatoka siku yoyote, hakuna wa kuninunia, na matibabu mengine nitapewa. Nikamwambia Mariamu: fundi anayekubali kuwa chombo chake chaweza kuvuja, huyo ni fundi. Nikatia sahihi, jina zima, si kidole gumba.

Sikufichi, mwanzo ulikuwa mbaya. Nilitapika hata maji. Nilitetemeka kama kuku aliyenyeshewa, nikamwagiza Mariamu anitafutie sanda. Nilitaka kutoka. Kilichonizuia ni ukaidi, ule ule uliokuwa ukinichapia mwiko wa kupikia utotoni ili unitoke. Leo ushukuru hukuutoa wote.

Juzi daktari kanionyesha picha. Tezi limepungua zaidi ya nusu, sasa ni kama kunazi. Hakusema nimepona, na wewe usitangaze kisiwani kuwa nimepona. Kasema dawa inafanya kazi na tuendelee. Nilipofika nyumbani nilikula chapati na samaki mpaka Mariamu akafunika sufuria.

Liban bado hajakubali. Nilidhani nitamkaripia, nikamwacha. Ana harusi mbele yake, na hofu yake si yangu. Ila hunirudisha nyumbani kwa gari lake, na njia nzima ni maswali: wala vizuri? Walala? Kichefuchefu kimekwisha? Namjibu lililo kweli, naye huuliza tena.

Basi sirudi kufa. Nitarudi Mungu akipenda, lakini nije kula.

Msalimie shemeji Bakari, mumeo, umwambie randa yangu asiwaazime watu. Msalimie Mwana Siti, mkunga aliyenipokelea watoto. Imamu umwambie asipunguze dua kwa kuwa nimepata dawa. Athmani usimsalimie, maneno yake ninayo mwenyewe.

Na ukidhani nimetia chumvi, mashahidi ninao. Mariamu alikuwapo. Liban atakuapia kwa Kisomali. Daktari naye yupo, ila Kiswahili hajui. Na shahidi wa mwisho umemshona wewe mwenyewe: Ijumaa nilivaa ile kanzu, na kifungo cha juu kimefunga. Picha niliyopigwa siku hiyo nimempa mchukuzi wa barua. Uso usiutazame, umekonda. Tazama shingo.

Ni mimi nduguyo mdogo, mkaidi yule yule,
Shee Lali