Kofia Nyeupe ya Wifi

Jumatatu, Aprili 23, 1923
Chakula kimepoa tena. Kaarlo alikuwa anamsikiliza dada yake, Aune, akieleza waliyofundishwa chuoni. Mume wangu ni bawabu tu pale, lakini anatikisa kichwa kama profesa! Nikamwambia mtoto wetu Oiva ameota jino la pili. Eti, "Vizuri." Basi.

Jumatano, Aprili 25
Chuo kimo ndani ya ile hoteli ya zamani, uwanja wa soko. Aune anasomea chumba namba kumi na nne. Kitanda cha chumba hicho nilikitandika mimi miaka miwili! Nikamwambia.
"Basi wifi, umenitangulia chuoni!"
Kaarlo akacheka. Mimi sikucheka.
Watu wa mji wetu wa Turku walipochangishwa kuanzisha chuo, nilitoa bakshishi zangu zote za hotelini. Hapa nyumbani hakuna anayejua. Chuo si cha Aune peke yake!

Jumamosi, Aprili 28
Kofia ya Aune ya uanafunzi imetoka kabatini. Mahameli nyeupe, kinubi kidogo cha dhahabu mbele. Jumanne ni Mei Mosi, wanafunzi wote watavaa. Kaarlo amekisugua kinubi kwa mkono wa shati lake. Kiatu changu kina tundu tangu Pasaka — hajaliona.

Jumatatu, Aprili 30
Mungu wangu.
Walipotoka nikaijaribu ile kofia. Mara moja tu, mbele ya kioo. Ikanipendeza! Oiva mkononi, vidole vimejaa rojo la beri — akaikamata. Nikakimbilia unga wa viazi. Mama alitufundisha: mahameli nyeupe husafishwa kwa unga wa viazi, mkavu. Mkavu! Mimi kwa kiwewe nikamwagia na maji ya moto. Beri, unga wa viazi, maji ya moto — nimepika uji wa matunda wa Jumapili juu ya kofia ya wifi! Unavutika kabisa. Oiva anaulamba.

Baadaye
Aune aliingia hata koti hajavua. "Wifi! Nimeona jina lako kwenye kitabu cha waliochangia chuo! Mbona ulinyamaza?" Akanikumbatia. Alhamisi chuoni kuna mhadhara wa watu wote. Yeye atabaki na Oiva, mimi niende. Nikae chumba kumi na nne — kwenye kiti! Nikaitikia huku nalia.
Sasa yuko chumbani, anaimba. Kofia nimeificha chini ya blanketi la mtoto. Nasikia anafungua kabati. Nitamwambia. Namwambia sasa hivi, nikimaliza mstari huu —
Ameacha kuimba.
"Wifi, hivi kofia yangu