Neno Mtoro kwenye Rejista

Mjukuu wangu Halima,

Salaam aleikum. Hapa Kiwanjani tuko salama. Mbuzi wako amezaa mapacha, na babu yako anamvuta kila mgeni aende kuwaona.

Umeniuliza kwa nini niliacha darasa la mjini nikaenda kufundisha watoto wa wafugaji huko malishoni. Ni kwa sababu ya neno moja. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, msichana aitwaye Talaso hakuonekana darasani muhula mzima. Nikaandika kwenye rejista, kwa wino mwekundu: mtoro. Mvua iliponyesha akarudi na mama yake. Akaliona lile neno, akamsomea mama. Kusoma nilimfundisha mimi.

Mama hakufoka. Alisema tu, "Mwalimu, sisi tulifuata nyasi, wazee kwa watoto. Aliyebaki ni wewe."

Kiangazi kilichofuata, ubao wangu ulipanda ngamia pamoja na vyombo vyao. Asubuhi ya kwanza kule malishoni Kipsing, Talaso aliomba aite majina yeye. Akaanza na langu.

"Mwalimu Dabo?"

Nikasimama. "Niko."

Nyanya yako anayekuombea,
Dabo