Baba Winnie, Chatu Wako Amekamilika

Marehemu Luhende Masanja, wa Igoma, Mwanza

Mpendwa wetu Luhende, mwaka umetimia tangu homa ilipokuchukua ghafla, ukamwacha chatu wako wa saruji hana shingo pale shuleni.

Shule za msingi za kuanzia hapa Igoma hadi Kisesa zina kazi za mikono yako. Kwa nondo, waya na saruji uliwajengea watoto kiboko wa kukalia wakati wa hadithi, na sangara ambaye darasa la kwanza huhesabu magamba yake. Mtoto akikuuliza kiboko anakula nini, uliweka mwiko chini ndipo ukamjibu.

Hukukabidhi kazi kabla ya kuigonga kwa mpini wa nyundo, sikio likiwa limelala juu ya saruji. Ukisikia uwazi ndani, ulivunja ukaanza upya. Kisha ulimpandisha Winnie wetu kabla ya mtoto mwingine yeyote. Walimu walipokushangaa, uliwajibu, "Kama siwezi kumpandisha wangu, nitampandishaje wa mwenzangu?"

Nami nilisimama kando bila wasiwasi, kwa sababu sikio lilikuwa lako.

Sasa mdogo wako Yakobo amemalizia shingo ya chatu, na Jumamosi hii watoto wataruhusiwa kumchezea. Shingo hiyo inapita juu ya vichwa vyetu sisi watu wazima. Yakobo ameigonga kila mahali na ameridhika. Nami nimekwenda kuigonga, tena si mara moja, lakini nasikia moyo wangu tu. Alinikuta huko akaniuliza, "Shemeji, unamkagua au unambembeleza alale?" Nilicheka, kisha nikaigonga tena.

Mwalimu mkuu, Mama Dorcas, amenieleza kwa upole kwamba desturi yako si sharti la shule. Winnie anaweza kusubiri na kupanda baada ya wenzake. Nilitaka kukubali. Lakini akina mama ninaosoma nao darasa la jioni la watu wazima wana watoto katika shule hiyo. Watoto hao wamekwisha kugombania nani atakaa kichwani, na mama zao wananiuliza mimi kama ni salama.

Baba Winnie, naogopa. Naogopa nikipika, naogopa nikimsuka nywele, naogopa hata ninapoandika haya. Hata hivyo, Jumamosi, baada ya Misa ya kukuombea, Winnie atapanda kwanza, miguu mitupu, kama ulivyomzoesha. Mimi nitasimama chini ya shingo, mikono ikiwa wazi, na Yakobo atasimama upande wa pili. Akifika kichwani, nitakuwa na jibu la kuwapa wenzangu.

Unakumbukwa na mkeo Suzana, binti yako Winnie, mama yako mzazi Selina, mdogo wako Yakobo, shangazi zako wa Bujora, na watoto wote waliokalia kiboko wako.

Siku zote tutakukumbuka. Nawe, Jumamosi, utukumbuke.