Bomba Pana na Mtihani Wangu wa Kilimani

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwa dada yako. Hujambo wewe na wanao? Na lile jino, umeling'oa au bado unalikimbia koleo la daktari? Sisi wazima, ila masikio yangu yanavuma, na wa kulaumiwa ni shemeji yako.

Unajua nilianguka mtihani wa udereva mara mbili, zote kwenye kile kilima. Unasimamishwa katikati ya mwinuko, kisha uondoke bila gari kurudi nyuma. Langu lilizimika. Safari hii ilikuwa ya mwisho, maana mwalimu mkuu wa shule iliyo ng'ambo ya kilima alisema kazi ya kushona sare ni yangu nikiwa na leseni ya kuzipeleka mwenyewe. La sivyo, anampa fundi mwingine.

Basi shemeji yako akanionea huruma. Mwogope mume akikuonea huruma! Wakakaa yeye na rafiki yake mchomeleaji, wakaamua kwamba gari langu halipumui vizuri. Nilitoka kwenda kumpima mteja. Narudi, wameshakata sailensa inayopunguza kelele pamoja na bomba la moshi, wamechomelea bomba jipya ambamo mkono wangu unaingia mpaka kwenye kiwiko.

Walipowasha gari, mjukuu wa jirani aliamka akilia. Kwenye tambarare lilikimbia kweli, shemeji yako akavimba kichwa. Kilimani likazimika mara tano.

Nikalipeleka kwa makanika, yule mama mfupi asiyecheka. Siku hiyo alicheka. Akanieleza kwamba bomba likipanuliwa kupita kiasi, moshi hutoka kivivu, na injini ndogo kama yangu hupoteza nguvu inapozunguka polepole. Nguvu inakuja ikizunguka kwa kasi tu. Yaani wamenipunguzia palepale nilipohitaji kuongezewa! Nikadai bomba la zamani. Thubutu! Mchomeleaji alishalikatakata, akalifanya miguu ya benchi. Na mtihani ni kesho yake. Nililia, mdogo wangu, sikufichi.

Makanika akasema dawa ni moja: nikanyage mafuta mpaka injini ipige kelele, ndipo niachie klachi taratibu.

Asubuhi akaingia mtahini yuleyule aliyeniangusha. Katikati ya kilima akainua mkono, nikasimama. Nikakanyaga. Lo! Vioo vikatetemeka, mtahini akaziba masikio, nami nikaachia klachi kidogo kidogo huku namwomba Mungu. Likapanda, halikurudi nyuma hata unyayo.

Kule juu mtahini akawa anafungua mdomo na kuufumba. Nikajua ananiangusha tena. Nikamfokea kwamba sishuki, nimechoka kuangushwa, na kama shida ni kelele amtafute mume wangu. Kumbe naye hanisikii! Mwisho akachukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: UMEFAULU. ZIMA GARI.

Shemeji yako nilimkuta mlangoni, meno yote nje. Eti alinisikia nikifaulu akiwa palepale nyumbani.

Nisalimie mumeo, mama mkwe wako na wale mapacha watundu. Mungu awape afya, na nyumba yenu aipe utulivu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
dereva mwenye leseni