Mifupa ya Kisima Chetu

Mama Bahati, jambo sana toka Bukavu, kwenye mvua haikatiki.

Profesere wa wanyama ameangalia ile mifupa tulichimbua mu kisima, yenye tuliogopa ni Bahati wetu aliyepotea. Akaniambia: «Papa, haiko muntu. Iko ng'ombe.» Nikakaa.

Akanimiminia chai, akanieleza Anchisaurus, dinosaria ya zamani sana yenye kula majani. Mifupa yake nayo ilitoka mu kisima, hata wenye masomo wakazani labda ni muntu. Kisha wakaipa jina, kumbe munyama mwingine alikuwa nalo. La pili, vilevile. La tatu, hili la Anchisaurus, ndilo likakaa.

Leo nimeweza kula, sahani nzima ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Ambia ndugu wasianze kilio. Mutoto tunamutafuta bado.

Nakukumbatia,
Papa Bahati